Mwalimu Asiyemwandikia Mtu

Masomo yamekwisha, lakini katika darasa moja la mtaa wa Katuba, Lubumbashi, mwalimu wa Kiingereza bado yuko mezani. Ana penseli, kifutio na kamusi iliyobanduka jalada. Hatua zote za mwanzo anazifanya kwenye karatasi, hata umeme ukikatika kazi haisimami.

Kwanza anausoma mswada mpaka mwisho, penseli ikiwa chini. Binti aliyeuandika anaomba nafasi ya chuo kikuu Marekani kwa fomu ya Common App, ambayo insha yake haizidi maneno 650. Ameanza kama tulivyofunzwa sote kuwaandikia wakubwa: ana heshima ya kuja mbele ya wema wao mkuu. Ni adabu ya barua zetu za Kifaransa, imevishwa Kiingereza. Mwalimu haifuti. Anaweka alama ndogo pembeni, anauliza: “Wewe mwenyewe uko wapi hapa?”

Binti ananyamaza. Mwalimu naye ananyamaza, na kungoja kwake ni ufundi mtupu. Kisha anauliza mambo madogo. Jioni unafanya nini? Mama anauza makaa. Hesabu anaiandika nani? “Ni mimi, Mwalimu.” Unaiandikaje? Hapo binti anachangamka: gunia linatoa mafungu mangapi, vumbi la chini linakula faida kiasi gani, na kwa nini madeni anayaandika kwa wino mwekundu. Mama hajui kusoma, lakini rangi anaitambua.

“Andika hilo, mwanangu, vile umenieleza. Anza hata kwa Kiswahili.”

Mswada wa pili ukija, anazungushia duara maneno ya Kiingereza yaliyotungwa kwa masikio ya Kifaransa. Neno sahihi halitaji, anasogeza kamusi. Halafu binti anasoma kwa sauti, na kila pumzi inapomwishia, sentensi inakatwa hapo. Aya ya ndoto za kuikomboa nchi inaondoka. Wino mwekundu unabaki.

Sehemu anayoiandika mwalimu mwenyewe ni barua yake ya kumpendekeza. Binti alipata asilimia 68 katika Examen d'État, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, na msomaji wa mbali anaweza kuiona alama hiyo kuwa ndogo. Kwa hiyo anaeleza taratibu kwamba kwetu mtu hufaulu kuanzia 50, na kwamba wanaofika 70 ni wachache mno. Anaisoma barua tena, anafuta sifa mbili alizoziongeza kwa mapenzi, anaacha hesabu ya makaa.