Heko kwa Jezi za Mkoa

Kombe la Taifa la Wanawake, lililochezwa na timu za mikoa ya Tanzania Bara kuanzia mwishoni mwa 2014 hadi mapema 2015, halisifiwi inavyostahili. Ligi kuu ya wanawake ilikuwa bado. Ilikuja msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza. Timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, ilishacheza fainali za Afrika mwaka 2010 kule Afrika Kusini, lakini binti wa Rukwa au Lindi angeonekana na nani?

Uzuri wa timu ya mkoa ni huu: klabu husajili aliyeiva, mkoa huchukua aliyepo na kumpika. Dar es Salaam, kwa kuwa kisoka Ilala, Kinondoni na Temeke kila moja ilihesabiwa kama mkoa, ilikuwa na nafasi tatu. Sisi wa mikoa mingine tulinung'unika, na nadhani tulikuwa na haki.

Pongezi zangu kubwa ni kwa viongozi wa vyama vya soka vya mikoa: kusaka nauli, kutafuta malazi, na kumbembeleza baba asiyetaka kusikia habari za bukta.