Seva Iko Hai, Linux Inasema Imezima

Tarehe 3 Septemba 2017 ilitoka keneli ya Linux toleo la 4.13, na ndani yake mlikuwa na badiliko dogo lililokuja kuwasumbua mafundi kwa miaka. Siku ile wachache tu walilihisi, maana distro za maofisini hazikimbilii keneli mpya: Ubuntu 16.04 ilikuwa imetoka na keneli 4.4, na Debian 9 ilikuwa na 4.9. Kishindo kilisikika Aprili 2018, Ubuntu 18.04 ilipotoka ikiwa na keneli 4.15, kikasikika tena Julai 2019 Debian 10 ilipokuja na 4.19. Kompyuta ikishasasishwa, folda ya mtandao iliyokuwa ikifunguka miaka nenda miaka rudi inagoma, na dirisha la amri linatoa mstari mmoja tu: mount error(112): Host is down.

Mstari huo unadai kwamba seva imezima. Seva haijazima. Ukiipigia ping inajibu. Kompyuta ya Windows 7 iliyo meza ya pili inaifungua folda ileile na kuhifadhi barua ndani yake, na skana ya ofisini inaendelea kutupia humo kurasa zake. Ni Linux peke yake inayokana. Hapo ndipo fundi mwenye haraka huanza kubadilisha kebo.

Ili kuona kilichotokea, inabidi kurudi nyuma kidogo. Itifaki ya SMB, ambayo Windows huitumia kushirikisha mafaili na printa, ilibuniwa na Barry Feigenbaum wa kampuni ya IBM miaka ya mwanzo ya 1980. Microsoft wakaichukua na kuikuza, na mwaka 1996 wakaipa jina la CIFS. Jina hilo limebaki kwenye Linux hadi leo: anayepachika folda ya Windows huandika neno cifs kwenye amri ya mount hata pale mazungumzo yenyewe yanapofanyika kwa SMB3. Toleo la pili, SMB2, lilikuja na Windows Vista, na la tatu likaja na Windows 8 na Windows Server 2012.

Mei 2017 virusi vya WannaCry vilivamia kompyuta katika nchi zaidi ya 100 na kufunga mafaili ya watu kwa kudai fidia. Hospitali za umma za Uingereza zilikuwa miongoni mwa waathirika waliotajwa zaidi. Vilipenya kupitia udhaifu wa SMB1 kwenye Windows, ambao Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake mwezi Machi mwaka huohuo. Onyo lilikuwapo hata kabla ya hapo. Ned Pyle, aliyekuwa akisimamia SMB ndani ya Microsoft, aliandika Septemba 2016 akiwasihi watu waache kabisa kutumia SMB1. Baada ya WannaCry hakuna aliyehitaji kusihiwa. Steve French, msimamizi wa sehemu ya CIFS katika keneli ya Linux, aliondoa SMB1 kwenye chaguomsingi na kuweka SMB3.

Toleo la 4.13 lilidai 3.0 moja kwa moja. Ukali huo ulilegezwa kidogo kuanzia 4.13.5: Linux na seva wakawa wanapatana toleo la juu kabisa wanalolijua wote wawili, alimradi lisiwe chini ya 2.1. Kisanduku cha zamani cha NAS, yaani hifadhi ya mafaili ya mtandaoni, kinachojua SMB1 tu hakiwezi kuingia kwenye mapatano hayo. Kinapokea salamu ya SMB2, hakiielewi, kinakata mawasiliano. Keneli nayo inaona kwamba aliye upande wa pili amekata simu, na kati ya namba za makosa ilizonazo inachagua 112, ile ya seva iliyozima. Namba haikueleza kilichotokea kwenye waya. Ilieleza hitimisho la keneli.

Utatuzi wa tatizo hili uko kwenye pengo kati ya mambo hayo mawili, na njia iliyowafikisha mafundi ni kupanda ngazi moja moja kutoka chini. Ping ikijibu, waya na anwani ni salama. Kisha poti: SMB husikiliza kwenye poti 445, na amri fupi kama nc -zv 192.168.1.20 445 inatosha kuonyesha kama mlango uko wazi. Ukiwa wazi, swali linalofuata ni lugha. Programu ya nmap ina skripti inayoitwa smb-protocols, na ukiielekeza kwenye poti ileile inaorodhesha matoleo yote ya SMB ambayo seva inayakubali. Kwa kisanduku cha zamani orodha hiyo ina jina moja, NT LM 0.12, ambayo ndiyo SMB1. Kuanzia hapo hakuna tena fumbo.

Kila hatua ifuatiwe na amri ya dmesg. Mstari unaoonekana kwenye dirisha ni muhtasari uliobanwa sana. Maelezo ya kina keneli huyaandika kwenye kumbukumbu zake. Huko ndiko kosa namba 13, ambalo mbele yako linasema tu kwamba umekataliwa ruhusa, hujitokeza kama STATUS_LOGON_FAILURE, yaani jina la mtumiaji au nywila si sahihi. Huko pia kosa namba 2, linalodai kuwa faili au folda haipo, huonekana kuwa STATUS_BAD_NETWORK_NAME: seva inakufahamu na imekupokea, ila jina la folda uliyoiomba halijui. Watu wengi hupoteza muda wakitafuta kasoro kwenye folda ya upande wao, kumbe waliandika “hati” mahali ambapo seva inasema “nyaraka”.

Namba zenyewe, zikisomwa kwa uangalifu, huelekeza mapema. Kosa 111 lina maana kwamba kompyuta ipo lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Kosa 113 lina maana kwamba hakuna njia ya kuifikia kabisa, na kwenye mtandao wa ofisi hilo ndilo linaloelekea kujitokeza seva inapokuwa imezima kwelikweli. Kosa 115, linalosema shughuli bado inaendelea, kwa kawaida ni faiawoli inayozimeza pakiti kimyakimya bila kukataa wala kukubali. Kwa hiyo anayeona 112 huku ping inajibu ana haki ya kushuku toleo la itifaki kabla ya jambo lolote jingine.

Dawa ya haraka ilikuwa kuongeza vers=1.0 kwenye amri ya mount, na folda ikafunguka papo hapo. Ndiyo dawa iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayostahili kulaumiwa. Kuiandika ni kuirudisha itifaki ileile ambayo WannaCry ilipitia, na mara nyingi haikuhitajika hata kidogo. Visanduku vingi vya NAS vilikuwa tayari na SMB2 au SMB3 ndani yake. Kiwanda kilikuwa kimeizima tu, na mpangilio wa kuiwasha uko kwenye ukurasa wa usimamizi wa kifaa. Vingine vilihitaji programu yake ya ndani isasishwe. Vipo pia vichache vinavyoishia 2.0, ambavyo mapatano ya kawaida huviruka kwa sababu huanzia 2.1; hivyo huhitaji vers=2.0 iandikwe waziwazi. Kwa kifaa kisichojua chochote zaidi ya SMB1, jibu la kweli ni kukibadilisha, au angalau kukitenga kwenye mtandao wake peke yake. Wanaotegemea vers=1.0 wajue vilevile kwamba keneli inaweza kujengwa bila matoleo ya zamani, na ikijengwa hivyo maneno hayo hukataliwa.

Kuna kisa kingine kinachowachanganya watumiaji: folda inafunguka vizuri kwenye kidhibiti cha mafaili cha eneokazi la GNOME, lakini amri ya mount inashindwa. Hawa ni wasafiri wawili tofauti. Kidhibiti cha mafaili hutumia maktaba ya mradi wa Samba, ule ulioanzishwa na Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, kwa kusikiliza pakiti zinazopita kwenye waya na kukisia kanuni zake bila nyaraka zozote. Maktaba hiyo inajua kutafuta majina ya kompyuta kwa utaratibu wa kale wa Windows. Amri ya mount haijui hayo; inategemea DNS au faili la /etc/hosts. Seva iitwayo “ofisi” inaweza kuonekana wazi kwenye dirisha la eneokazi huku mount ikisema haiwezi kupata anwani yake. Kuandika anwani ya namba badala ya jina humaliza ubishi, au angalau huonyesha ulipo.

Folda ikishapachikwa kwa mkono, kazi ya pili ni kuifanya ijipachike yenyewe. Mstari wa kawaida kwenye /etc/fstab huwa hivi:

//192.168.1.20/hati /mnt/hati cifs credentials=/etc/hati.siri,uid=1000,gid=1000,nofail,x-systemd.automount 0 0

Sehemu ya credentials inaelekeza kwenye faili lenye jina la mtumiaji na nywila, na faili hilo lipewe ruhusa 600 ili lisomwe na root tu. Usalama si sababu pekee. Nywila yenye mkato, ikiandikwa moja kwa moja kwenye amri, hukatwa hapo kwenye mkato, kwa kuwa mount hutumia alama hiyo kutenganisha chaguo zake. Matokeo yake ni mount kushindwa kwa nywila ambayo mwenyewe anaapa kuwa ni sahihi, na ni sahihi kweli. Ndani ya faili la siri mkato hauna madhara. Jina la folda likiwa na nafasi katikati, kwenye fstab nafasi hiyo huandikwa \040.

Chaguo la _netdev watu hulibandika kila mahali kama hirizi. Kwenye mifumo ya systemd, hifadhi za aina ya cifs na nfs tayari zinatambuliwa kuwa ni za mtandao, kwa hiyo halibadilishi mengi. Linalosaidia kwelikweli, hasa kwenye laptopu, ni x-systemd.automount. Mara nyingi nywila ya Wi-Fi huhifadhiwa kwenye akaunti ya mtumiaji, hivyo laptopu haina mtandao mpaka mtu aingie kwa jina lake. Mstari wa fstab umeshajaribu na kushindwa muda mrefu kabla ya hapo. Automount haijaribu wakati wa kuwaka. Inangoja mtu aiguse folda, ndipo inapoipachika.

Zile uid na gid nazo zina sababu yake. Anayepachika ni root, hivyo bila namba hizo mafaili yote huonekana ni mali ya root na mtumiaji wa kawaida anaweza kuyasoma asiweze kuyaandika. Ruhusa hapa zina pande mbili: seva huamua kwa kuangalia nywila uliyoipeleka, na Linux huamua kwa kuangalia mwenye faili anavyoonekana upande wake. Upande mmoja ukikataa, umekataliwa.

NFS, itifaki ya Sun Microsystems iliyoanza mwaka 1984, huenda njia nyingine. Kwa mpangilio wake wa kawaida haiulizi nywila, bali huamini namba ya mtumiaji. Aliye namba 1000 kwenye laptopu huchukuliwa kuwa ni namba 1000 wa seva, hata kama ni watu wawili tofauti. Mtego wake mbaya zaidi ni nafasi moja kwenye faili la /etc/exports. Ukiandika 192.168.1.0/24(rw) umeruhusu mtandao wako kuandika. Ukiachanisha anwani na mabano kwa nafasi moja, mtandao wako unapata ruhusa za chaguomsingi, na haki ya kuandika inakwenda kwa kompyuta yoyote inayoweza kuifikia seva. Hakuna kosa litakalokusimamisha.

Limebaki tatizo lisilotoa namba yoyote. Kwenye Linux, mahali pa kupachika ni folda ya kawaida iliyo kwenye diski ya ndani. Seva isipopachikwa, /mnt/hati ingali ipo, ni tupu, na skripti ya nakala rudufu ya usiku itaandika humo bila manung’uniko. Diski ya ndani inajaa, nakala hazifiki kwenye seva, na siku folda inapopachikwa tena mafaili yale yanafunikwa yasionekane, huku nafasi ya diski ikiwa imekwisha kwa sababu asiyeielewa mtu. Mwenye skripti ya namna hiyo aweke mwanzoni mwake mstari huu: mountpoint -q /mnt/hati || exit 1. Kisha, wakati folda haijapachikwa, aendeshe chattr +i /mnt/hati kama root, ili folda tupu ikatae kuandikiwa. Huo mstari wa kwanza una faida kwenye SMB na kwenye NFS pia, ila penye x-systemd.automount utanguliwe na amri ya ls ya folda hiyo ili seva ipachikwe kwanza, na matokeo yajaribiwe mchana kwa kuchomoa kebo ya seva kabla ya kuachiwa zamu ya usiku.