Mlango na Boriti

Mgeni afikapo Mji Mkongwe wa Unguja husimama mbele ya mlango wa nakshi, akastaajabu, akapiga picha, akaenda zake. Hatumlaumu, ni mgeni. Wa kulaumiwa ni sisi wenyeji, tulioanza kuutazama mji wetu kwa jicho lake.

Nyumba hizi hazisimami kwa mlango. Zasimama kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa huuacha ukuta upumue: unyevu ukiingia, hutoka. Saruji huufungia ndani, nazo boriti huoza mahali pasipoonekana. Wahenga walituusia tuzibe ufa. Hawakutuusia tuuzibe kwa saruji. Nyumba ya ukoo igeuzwapo hoteli, mabafu hupandishwa ghorofani, rangi hung'arishwa mbele, na maji hula nyuma.

UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafa. Sifa haishikilii dari.

Utalii na uwepo. Fedha zake twazihitaji. Lakini fedha hizo na zimfikie fundi wa chokaa pamoja na kijana anayejifunza kwake, wala mpangaji asihamishwe kumpisha mgeni. Kwa kuwa mkaaji ndiye aonaye tone la kwanza linapovuja. Mwalimu awapelekapo wanafunzi mjini, na awaonyeshe mlango. Kisha awaingize ndani, wainue macho, wazitazame boriti.