Ukingo Usiopigwa Msasa

Biharamulo ya utoto wangu iligusa Ziwa Victoria. Chato ilikuwa bado ndani yake, haijawa wilaya, wala haijaingia Mkoa wa Geita, ulioundwa 2012. Nyamirembe ilikuwa bandari yetu. Ndugu zetu wa Ngara walizoea maji ya Ruvubu na Kagera, yanayokwenda upande mmoja. Sisi tulizoea maji yanayokuja usoni.

Ziwa hili ndilo pana kuliko yote Afrika, lakini kina chake ni kama mita 40 tu kwa wastani. Upepo ukilikamata, mawimbi huja mafupi, yamesimama, yamefuatana. Mtumbwi wa injini hulipiga la kwanza, na kabla haujainuka la pili limefika. Maji hutambaa ubavuni mwa omo kama shuka nyembamba, yakifika juu upepo huyarusha ndani: machoni mwa nahodha, kwenye nyavu, kwenye dagaa. Mwenye kopo hakai chini usiku kucha.

Dawa yake niliiona mikononi mwa fundi mmoja pale ufukweni. Ufito wa mbao, upana wa vidole viwili. Aliulaza ubavuni kuanzia juu karibu na gubeti, ukashuka taratibu kuelekea nyuma mpaka karibu na usawa wa maji. Ukingo wa juu aliupiga randa, kisha msasa, hadi ukateleza. Ule wa chini akauacha mkali. Nikadhani amesahau, nikaokota msasa.

"Hapo usiguse, mwanangu."

Akachukua birika la chai lenye mdomo butu, akamimina polepole. Chai haikudondoka, ilijikunja chini ya mdomo ikatiririka tumboni mwa birika. "Maji yakikuta mviringo yanaufuata," akasema. "Yakikuta ncha yanaachia."

Sijapata kusikia somo la maji lililo wazi kuliko hilo. Mengine aliyafanya bila maneno: pamba nyuma ya kila tundu la msumari, dumu la mafuta likasogezwa nyuma kidogo omo lipate kuinuka.

Siku ya kuujaribu, ziwa lilikuwa limechafuka. Alimwambia nahodha apunguze mwendo na ayakate mawimbi kwa mshazari. Mzee mwenyewe akakaa mbele kabisa, pahala ambapo hakuna aliyependa kukaa. Wimbi likapiga, shuka ya maji ikapanda, ikafika kwenye ufito, ikakatika na kuanguka pembeni. Akainama, akapitisha kidole gumba chini ya ukingo ule. Mgongo wa shati lake ulikuwa mkavu.