Ukimya wa Samehe: Sanaa ya Amandina Lihamba

Mchezo wa jukwaani hufa usiku ule ule uliochezwa. Mtunzi huacha kitabu na mjenzi huacha nyumba. Mchezaji huacha kumbukumbu katika vichwa vya watu, na watu nao ni wapitaji. Kwa sababu hiyo Amandina Lihamba hutajwa mara nyingi kuwa mtunzi na profesa, na mara chache kuwa mchezaji. Yapasa deni hili lilipwe.

Alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifundisha sanaa za maonyesho, akacheza, akaongoza michezo. Na mwaka 1985 alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na michezo ya kuigiza Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Mchezo wake *Hawala ya Fedha* wa mwaka 1980, alioutoa katika hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegal, wahusu maskini aliyetumiwa fedha asizoweza kuzipokea. Mtu huyo hujibiwa na kila karani, wala hasikilizwi na yeyote. Huo ndio uzi wa kazi zote za Lihamba: nani husema, na nani husikilizwa?

Uzi huo waonekana wazi zaidi katika sinema ya *Maangamizi* ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya sinema za lugha za kigeni. Humo Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya wenye maradhi ya akili, ambaye hasemi. Daktari Asira, mwanamke kutoka Marekani, ajaribu kumtibu. Mchezaji aliyenyimwa sauti hubakiwa na macho, shingo na mikono. Kosa dogo la uso haliwezi kufunikwa na maneno matamu. Mtu aliyezoea kushika ukumbi mzima kwa sauti yake amekubali kuiweka chini silaha aliyoizoea. Huo ni ushujaa wa msanii.

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi wangu kwamba ukimya huo ni heshima: utulivu wa mwanamke mwenye subira. Nilisahihishwa nikiwa likizoni nyumbani kwetu Nyabibuye, katika nyanda za juu za Kigoma. Niliwaonyesha sinema hiyo wasichana wachache wa sekondari, kisha nikarudia somo langu. Mmoja akainua mkono. "Shikamoo Mwalimu," alisema, "huku kwetu msichana mwema ni yule anyamazaye. Je, nawe wamsifu mama huyu kwa kunyamaza?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi kuitazama sinema niliona kosa langu. Samehe hanyamazi kwa adabu, bali kwa jeraha. Na jina lake si sifa, ni amri. Aliyedhulumiwa ndiye aamriwaye kusamehe, kabla hajaulizwa alitendwa nini. Mhakiki auitaye ukimya huo uzuri, naye humwongezea mgonjwa kufuli.

Lihamba mwenyewe hakuliacha swali hilo katika sinema. Katika miaka ya 1990 yeye na Penina Mlama walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Tuseme, mpango ambao wasichana wa shule hutaja wenyewe mambo yanayowazuia kusoma, kisha huyatungia michezo, nyimbo na ngoma, wakayaonyesha mbele ya walimu na wazazi. Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya ualimu, si sanaa. La hasha! Aliyemcheza Samehe ajua neno lisilosemwa lina uzito gani. Ndiyo maana hakuridhika kuwasemea wasichana, akawapa jukwaa wajisemee.

Basi wanafunzi wetu wa fasihi wasitosheke na vitabu vyake. Wawatafute waliomwona jukwaani, wawaulize alisimamaje, alinyamaza wapi, na ukumbi ulifanya nini aliponyamaza. Wayaandike hayo kabla mashahidi hawajatutoka. Na yule msichana wa Nyabibuye, nilipomwendea siku ya pili kumwambia kwamba alikuwa na haki, aliniuliza kama nitayasema hayo hata mbele ya darasa langu la Chuo Kikuu. Nimeyasema.