Uhakiki wa Kigezo cha Chenga katika Tafiti za Kupunguza Mionzi ya CT
Tafiti nyingi kuhusu upunguzaji wa mionzi katika vipimo vya CT huchukulia uchache wa chenga kuwa ushahidi wa ubora wa picha. Kigezo hicho kina walakini. Kwa uundaji wa picha wa kawaida, mionzi ikipunguzwa kwa nusu, chenga huongezeka kwa takribani asilimia 41. Programu zinazounda picha kwa kurudiarudia hesabu huzipunguza tena. Lakini hulainisha picha pia, na uvimbe mdogo wa ini, ambao kijivu chake hukaribiana mno na cha nyama inayouzunguka, huweza kufifia pamoja na chenga hizo. Chombo cha maji kinachotumiwa kupimia mashine hakina uvimbe wowote wa kupotea. Picha hizo zilistahili kusomwa na madaktari wa radiolojia wasiojua kiwango cha mionzi kilichotumika.