Ufunguo Uko Mfukoni mwa Nani?

Alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 2012, katika kiwanda cha samaki wa makopo cha Bumble Bee, Santa Fe Springs, California, mfanyakazi mmoja aliingia ndani ya tanuri la mvuke lenye urefu wa mita 10 hivi kufanya matengenezo. Wenzake walidhani ameenda msalani. Wakaingiza zaidi ya tani 5 za jodari, wakafunga mlango, wakawasha. Aliitwa kwa kipaza sauti, akatafutwa hadi kwenye maegesho ya magari. Mwili wake ulipatikana saa mbili hivi baadaye.

Tanuri halikuwa bovu. Lilifanya kazi yake barabara, na hapo ndipo penye somo: mlangoni hapakuwa na kitu cha kumzuia mtu kuwasha wakati mwenzake yumo ndani.

Dawa yake ilikuwa imeshaandikwa. Kanuni ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1989 inamtaka fundi azime mashine, akate umeme kwenye swichi kuu, apige kufuli lake mwenyewe, aning'inize kibandiko chenye jina lake, kisha atoe nguvu iliyosalia: mvuke uliobaki kwenye bomba, springi iliyobanwa, mzigo ulioinuliwa. Halafu abonyeze kitufe cha kuwasha kuhakikisha mashine imekufa kweli. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, ilhali ndiyo pekee inayofichua kwamba umekata swichi ya mashine ya jirani.

Mafundi watano wakiwa ndani, makufuli ni matano, na kila mmoja anatembea na ufunguo wake. Supavaiza hana ufunguo wa akiba. Kile kitufe chekundu cha dharura hakitoshi, kwa sababu kwa kawaida hukata waya wa amri tu huku umeme mkuu ukiendelea kusubiri nyuma yake. Na kibandiko cha "Usiwashe" kisicho na kufuli ni ombi tu; zamu mpya ikiingia ina haraka zake.

Mwaka 2015 Bumble Bee ilikubali kulipa dola milioni 6 kumaliza kesi ya jinai, milioni 1.5 kati yake zikiwa za familia ya marehemu. Malipo ya namna hiyo ni nadra. Kwa kawaida mfanyakazi hutegemea mfumo wa fidia, na nchini Kenya mfumo huo ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA.

Fundi akikatwa vidole, neno la kwanza ofisini huwa "alijitakia, kwa nini hakuzima?" Wengi huondoka hapo wakiamini hawana haki. Kumbe WIBA haimtaki majeruhi athibitishe uzembe wa mwajiri. Utovu wa nidhamu wa makusudi humnyima fidia pale tu ajali isipoleta ulemavu mkubwa au kifo. Kusahau kufuli si makusudi, na sioni kwa nini hoja hiyo bado inatolewa kwa uso mkavu.

Hesabu yenyewe ni hivi: fidia ya ulemavu kamili wa kudumu ni mishahara ya miezi 96. Anayelipwa shilingi 20,000 na kupimwa ulemavu wa asilimia 10 anapata shilingi 192,000. Kwa hiyo vita halisi iko kwenye asilimia ya daktari, na mtu wa mashine aeleze mbele ya daktari huyo kazi ambayo mkono wake hauwezi tena, kama kushika spana au kukaza nati.

Mwajiri ana siku 7 kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai lisipite miezi 12. Kabla ya mashine kurudishwa kazini, mfanyakazi mwenza wa majeruhi apige picha ya swichi kuu na ukurasa wa daftari la matengenezo wa siku hiyo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 kuweka pingamizi, na akikataliwa, siku 30 kufika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.